Msamaha Nilioombewa

Watu husema hasira hupoa. Yangu haijapoa, na sioni kwa nini niipoze.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nina shahada yangu ya uhandisi wa mawasiliano, na natengeneza simu za upepo za magari ya watalii kwenye duka la Singasinga mmoja pale Njoro, Moshi. Wiki moja zikaja barua mbili za kazi. Ya kwanza ilitoka shirika la simu la serikali, kituo cha Moshi mjini: ajira ya kudumu, pensheni, nyumba ya shirika. Ya pili ilitoka kampuni mpya ya simu za mkononi Dar es Salaam: mkataba wa miaka miwili tu, lakini na mafunzo ya kusimika mitambo ya minara na kupanga masafa. Ukizisoma haraka utasema ile ya kwanza ndiyo kazi. Hata mimi nilisema hivyo kwa siku mbili.

Siku ya tatu nikaenda kukiona kituo chenyewe. Mkuu wake, mzee wa Masama mwenye adabu zake, alinizungusha kila chumba, kisha akanionyesha meza karibu na dirisha. Nikamuuliza, baada ya miaka mitano nitakuwa wapi? Akaigonga ile meza kwa kiganja.

"Hapa hapa, binti. Hakuna atakayekugusa."

Kwake hiyo ilikuwa zawadi. Pembeni alikaa msaidizi wake, mhandisi mwenye mvi kichwa kizima, akisubiri mkuu astaafu ili apande cheo, na nyuma ya msaidizi wapo waliomsubiri msaidizi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini ya hawa yalishakufa ganzi. Nikauliza nani kati yao amewahi kupelekwa kusomea mitambo mipya. Hakuna hata mmoja. Mmoja akaniambia simu za mkononi ni fasheni ya matajiri, itapita.

Singasinga hakunishauri niende wapi. Aliendelea kulehemu waya zake, akauliza swali moja: kampuni ikifa utabaki na nini mkononi, na shirika likifa utabaki na nini? Jioni ile ile niliandika barua ya kulikataa shirika, ya heshima kabisa, nikaipeleka mwenyewe kwa mkuu. Akasikitika, tukaagana vizuri. Kumbe nilikuwa nimejifurahisha tu.

Baba yangu alishafariki, na kaka yake, baba mkubwa, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yetu. Habari za barua yangu zilipomfikia, Jumapili baada ya misa aliwaita wanaume wa ukoo kwenye kihamba chetu kule Mwika, shamba letu la migomba na kahawa, wakakaa na mbege, pombe yetu ya ndizi, wakanijadili. Mimi sikuitwa. Asiyekuwepo na lake halipo, basi wakaamua: mama miguu inamuuma, na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba ambaye kwa mila yetu ndiye mrithi wa nyumba, yuko Kariakoo anauza vipuri na hana nafasi. Kwa hiyo binti afanye kazi Moshi, kila mwisho wa wiki apande kulinda kihamba mpaka mwenyewe arudi. Sikilizeni vizuri jamani. Nilinde shamba ambalo hata mche mmoja wa kahawa hautakuwa wangu, kwa sababu binti harithi! Na hakuna hata mmoja pale aliyeona kichekesho.

Wangeishia hapo ningevumilia. Baba mkubwa akakata jani la sale kwenye uzio wetu. Kwa Wachagga sale ndilo jani la kuombea msamaha. Aliyeua ndugu ya mtu, aliyempiga mzazi wake, aliyekula mpaka wa jirani, hupeleka sale lililofungwa fundo, na anayeletewa hakatai, hata moyo wake ukatae. Hilo ndilo jani lililoshuka mjini na wazee wawili likawekwa mezani kwa mkuu wa kituo, na maneno kwamba mtoto wetu alikosa akili alipoandika ile barua, tunaomba umsamehe. Mtu wa Masama, Mchagga mwenzetu, angefanya nini? Akasamehe. Akaichana barua yangu mbele yao.

Habari nilizipata kwa simu ya dukani. Baba mkubwa alikuwa na furaha tele.

"Umesamehewa, mwanangu. Jumatatu uanze kazi."

Damu ilinichemka. Nimemkosea nani? Nimeua? Nimekataa kazi, kama watu wanavyokataa kazi kila siku, nao wakaifanya akili yangu kuwa dhambi, wakaitubia kwa niaba yangu bila hata kuniuliza. Ubaya ni kwamba walinifunga kweli. Ukoo ukishapeleka sale, kisha mkosaji akarudia kosa, aibu hiyo haioshiki upesi, na nilijua itakaa mlangoni kwa mama yangu. Nikaomba ruhusa, nikapanda Mwika mchana ule ule. Njiani nilishaanza kujiona nimekaa kwenye ile meza ya dirishani.

Mama nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikampa shikamoo yake, halafu nikamwaga yote, tena kwa sauti. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba ningekwenda Dar kesho, isingekuwa miguu yake.

Akaweka kisu chini.

"Nani amekwambia miguu yangu inahitaji mhandisi?"

Akasema siku ile ya kikao yeye ndiye aliyewamiminia mbege, akapita na kata mbele ya kila mmoja, akawasikia wakiitaja miguu yake kama vile imekuja peke yake. Hakuna aliyegeuka kumuuliza.

"Na wewe umepanda mlima mzima na hasira zako," akasema, "wala wewe hujaniuliza."

Niliona haya ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimewalaani wanaume wa ukoo njia nzima, na mimi nilikuwa nimefanya vile vile walivyofanya. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua ndizi, nikamuuliza kwa sauti ya chini: mama, wewe unataka nini?

Akachukua kisu chake tena. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba alipokuwa msichana alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi. Sanduku lilishafungwa. Baba yake akasema haendi, bibi yake mzaa baba ni mgonjwa, nani atamtunza? Akabaki, mwaka uliofuata akaolewa.

"Na bibi?" nikauliza.

"Alizika majirani wote," akasema mama. "Nilishakuzaa wewe, bado anachota maji mwenyewe."

Nikamuuliza kama alimkasirikia baba yake.

"Mpaka leo," akasema. "Jumatatu uende Dar. Huyo shemeji yangu na majani yake niachie mimi."