Mkwe Wangu Mbele Yangu Kwenye Foleni

Nimeishi miaka kumi na miwili hatua chache kutoka nyumba ya baba mkwe wangu, pale Kawetele, na ukiniuliza ana macho ya namna gani siwezi kukujibu. Sauti yake naijua. Kikohozi chake nakitambua hata mvua ikipiga bati. Viatu vyake ningevichagua kwenye rundo. Uso, hapana. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mume wake, haongei naye, hakai naye chumba kimoja, wala halitamki jina lake. Akimwona anakuja, anapisha njia. Mimi nimepisha kwenye migomba, nimepisha nyuma ya banda la ng'ombe, na mara moja, nikiwa na mimba kubwa, nilipisha ndani ya mtaro.

Wengi wameshaacha, najua. Walimu wenzangu pale shuleni Tukuyu wananitania kwamba nafundisha sayansi mchana na jioni najificha kwenye majani. Sawa, wacheke. Niliolewa katika nyumba ya mzee wa zamani, mzee anayeheshimiwa mpaka Suma, na siku ya kwanza tu mama mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alinikalisha jikoni akaniambia heshima ya nyumba ile inaanzia machoni mwangu. Nilikubali. Baadaye nikazoea, na mtu akishazoea haulizi tena.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mtoto pekee wa kiume wa mzee huyo. Alipougua ini alipelekwa Dar es Salaam, kwa dada yake, yaani wifi yangu. Tulidhani ni mwezi mmoja. Ukaisha wa tatu. Kisha Jumanne moja akanipigia simu mwenyewe, akasema Alhamisi mchana anapasuliwa, na daktari hakumficha kwamba anaweza asitoke.

"Nataka niwaone kabla sijaingia," alisema. "Wewe na baba. Wote wawili, mbele ya macho yangu."

Nikamuuliza tutakaaje na baba kwenye chumba kimoja.

"Simama mlangoni, geuka ukutani, funika kichwa, vyovyote mtakavyojua wenyewe. Ilimradi niwaone."

Alikuwa anacheka. Hata pale alikuwa anaweza kunicheka.

Kwa basi ni safari ya kutwa nzima ambayo mzee asingeiweza, kwa hiyo wifi akatukatia tiketi za ndege ya Alhamisi asubuhi. Safari nzima niliipanga mimi, na niliipanga nikijiona hodari. Tiketi mbili, yeye kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma kabisa. Kwenye gari la kukodi yeye akae mbele na dereva, mimi nyuma, kitenge kichwani mpaka mdomoni. Uwanjani nimwache atangulie, watu kumi wapite katikati yetu. Nilikuwa nimeshapanda ndege mara moja, miaka kadhaa nyuma, nilipokwenda kwenye semina. Siku ile ukaguzi ulikuwa kitu kidogo: mkoba kwenye mkanda wa mashine, wewe unapita kwenye fremu, ikinyamaza unaenda zako. Sikuvua hata kandambili. Kwa hiyo binti yangu, ambaye ndiye mjumbe wetu kwa kila jambo, nilimtuma kwa babu yake akamwambie asiwe na wasiwasi, kule ni kupita tu.

Ni kupita tu. Hayo maneno niliyasema mimi, hakuna wa kumsingizia.

Tuliondoka na ukungu, tukapandisha kuelekea Mbeya bila mtu kuongea isipokuwa dereva, ambaye aliongea kwa niaba yetu wote. Tulipofika uwanjani nikasubiri mzee ashuke, aingie, apotee machoni pangu. Kisha nikaingia. Ukutani palikuwa na tangazo jipya, na askari alikuwa anarudia yaliyoandikwa kwa sauti iliyokauka: kanuni zimebadilika, viatu vyote, mkanda wa suruali, koti, kilemba, kitenge cha kujitanda, vyote kwenye trei. Kila abiria asimame kwenye alama za nyayo na kunyoosha mikono juu. Mashine moja, mstari mmoja.

Nilihesabu watu kati yangu na mkwe wangu. Kumi na wawili. Nikashusha pumzi.

Kilichoniharibia ni wema. Dada mmoja wa pale, mchangamfu, alikuwa anapita kwenye foleni akitazama tiketi. Akatazama ya mzee, akaja akatazama yangu, akaona jina la ukoo ni lile lile. "Aa, mama, kumbe ninyi ni familia moja! Mzee wako yuko peke yake kule mbele, hajui hata aanzie wapi. Njoo umsaidie." Nikamwambia niko sawa hapa nilipo. Akadhani naona haya kuruka foleni. Akanishika mkono, akaomba watu watupishe, na watu, Mungu awabariki, wakatupisha wote. Akanisimamisha nyuma ya baba mkwe wangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Nikatazama sakafu. Niliona visigino vyake vikikaza. Alijua ni mimi, bila kugeuka. Angegeuka wapi? Mbele mashine, nyuma mkwe wake.

Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa imetoboka kisigino na nikajisikia aibu, kwa sababu nguo zake ninazifua mimi na sikuiona. Akavua koti lake la kanisani. Akaambiwa mkanda. Akakawia, kisha akauvua. Mimi nilikuwa nimeshavua kitenge changu, kiko kwenye trei, kimeshamezwa na mashine, na kichwa changu kiko wazi. Sikumbuki kama nimewahi kujisikia uchi namna ile nikiwa nimevaa.

"Mzee, simama kwenye alama. Mikono juu."

Alisimama. Mikono haikwenda juu. Ilikuwa imeshika suruali kiunoni, kwa sababu tangu mwanawe augue alikuwa amekonda sana na ile suti ilishonwa enzi za mwili wake mwingine.

"Mikono juu, mzee wangu."

"Siwesi," akasema mzee. Kiswahili chake ni cha Kinyakyusa, herufi z haimo.

"Huwezi kwa nini? Unaumwa mabega?"

Akaikaza suruali zaidi. Angejibu nini, na mimi nyuma yake? Angemweleza kijana wa watu habari za suruali huku mkwe wake anasikia? Yule askari hakuwa na ukali wowote. Alikuwa na foleni tu. Akasema kwa mara ya tatu, sasa kwa sauti ya juu, na watu nyuma wakaanza kunong'ona kwamba ndege itatuacha. Mzee akanyoosha mikono.

Suruali ikashuka mpaka chini.

Niliona. Sitasema niliona nini, miguu yake inatosha, ile miguu myembamba ya mtu aliyeanza kuisha. Nikajifunika uso kwa mikono miwili, nikageuka, nikakimbia. Peku. Nikapangua watu, nikaacha mkoba wangu ndani ya mashine, nikakimbilia mlango tuliouingilia. Mwili ndio uliokimbia. Ni mwili uliofundishwa miaka kumi na mmoja kupisha, na pale hapakuwa na migomba.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya askari. Mwanamke ameacha mkoba kwenye mashine, amejifunika uso, anakimbia. Nilidakwa kabla sijafika nje.

Waliniweka kwenye chumba kidogo na askari wa kike. Hakunigusa vibaya, hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, tena na tena: kwa nini umekimbia? Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nawaza kwamba nikisema, itabidi niitaje ile suruali, nimvue mkwe wangu mara ya pili mbele ya wageni. Akaniuliza jina la mzee niliyekuwa naye. Nikanyamaza. Akadhani namdharau. Mkoba wangu ukaletwa, ukafunguliwa, vitu vikatolewa kimoja kimoja: khanga, pajama mpya ya mume wangu, majani ya chai ya kwetu aliyoyaagiza wifi, Biblia. Kila kitu kikapekuliwa.

Nikasema hatimaye kwamba yule ni baba mkwe wangu. Askari akatoka kwenda kumuuliza. Akarudi uso umebadilika.

"Amesema hakujui."

Ndiyo. Alisema hivyo. Aliulizwa mbele ya watu kama yule mwanamke aliyekimbia bila kitambaa kichwani ni wake, na mzee wangu, kwa kuniheshimu, kwa kutonitaja, kwa kutaka nisihusishwe na aibu yake, akasema simjui. Alinikinga. Sisi wawili tulikuwa tunakingana kwa nguvu zetu zote, na kila tulivyokingana ndivyo tulivyozidi kuonekana wahalifu.

Ningeweza kusema ukweli mwanzoni. Ungechukua dakika tatu. Nimezirudia dakika hizo shambani, darasani, kanisani, na sijapata namna ya kuzisamehe. Nilisema wakati kipaza sauti kimeshatangaza kwamba mlango wa ndege umefungwa. Nikalisema lote kwa kulia. Yule askari akanisikiliza, akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Akatoka mwenyewe kwenda kuzuia ndege. Akarudi anatikisa kichwa.

Wakamleta mzee, ambaye naye walikuwa wamemzuia, kwenye chumba hicho hicho, suruali imefungwa na mkanda wake. Mle ndani kulikuwa na benchi moja. Akakaa ncha ile, mimi ncha hii, wote tunatazama dirisha linaloangalia uwanjani. Hapakuwa na mahali pa kupisha.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mume wangu.

"Mmeshapanda?"

"Bado kidogo," nikasema. Mungu ananiona.

"Wanakuja kunichukua, wamewahisha. Baba yuko wapi?"

"Yuko hapa. Tumekaa benchi moja."

Akacheka, kicheko kidogo kilichokosa pumzi. "Benchi moja? Wewe na baba? Basi mpe simu. Nina neno lenu ninyi wawili."

Sijawahi kumpa mkwe wangu kitu mkono kwa mkono. Chakula naweka kwenye stuli, binti anampelekea. Siku ile nilinyoosha mkono na simu, na yeye akanyoosha wake, na vidole vyetu vikagusana. Akaiweka sikioni. Hapo hapo ile ndege yetu ikaanza kukimbia barabarani, vioo vikatetemeka, chumba chote kikajaa mngurumo. Mzee alikuwa ameinama, anaitikia kwa kichwa. "Ee," alikuwa anasema. "Ee, mwanangu. Nitamwambia."

Aliponirudishia simu, ilikuwa imekatika. Nikapiga. Wifi akapokea, akasema wameshamwingiza.

Hakutoka. Tulipata habari jioni tukiwa bado Mbeya, tunahangaika na tiketi za kesho yake. Yeye ndiye aliyekuja kwetu, kwa njia ya barabara, siku tatu baadaye, na tukamzika nyuma ya nyumba ya baba yake.

Msibani mila ikarudi mahali pake kana kwamba haikuondoka. Kule uwanjani tulikuwa watu wawili kati ya wageni, huku tuna ukoo mzima. Nilikaa na wanawake, yeye na wanaume. Wiki ya pili nikamtuma binti: muulize babu, baba alisema neno gani kwenye simu? Binti akarudi na jibu. "Babu anasema atakuambia mwenyewe."

Nikasubiri. Mwaka mzima nimesubiri. Nimekuwa nikimsikia akikohoa upande wa pili wa uzio na nikijiambia, leo atasema. Nilitunga maneno hayo kwa niaba ya marehemu. Labda aliniachia watoto. Labda alisema amenisamehe kwa kuchelewa, ingawa hakujua nimechelewa. Usiku na mchana nilikuwa na neno ambalo ni langu na liko kwenye kichwa cha mzee anayezidi kudhoofika. Nilianza kumchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili iliyopita nilibaki nyumbani watu wote walipokwenda kanisani. Yeye siku hizi miguu haimpeleki. Nikavuka uzio, nikaenda mpaka nyuma ya chumba chake, nikaegemea ukuta chini ya dirisha, uso wangu ukiangalia kaburi. Nikakohoa. Ndani kikajibu kikohozi chake.

"Baba," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. "Alisema nini?"

Kitanda kikalalamika, akajigeuza kuelekea dirishani. Kisha nikasikia analia, na wazee wa kwetu hawalii mtu akisikia.

"Ndege ilikuwa inapiga kelele, mwanangu," akasema. "Sikusikia hata neno moja. Niliona aibu kukwambia." Akapumua. "Nilikuwa nasema, labda wewe ulisikia. Ulikuwa karibu pale. Hukusikia?"

Nikamwambia sikusikia.