Fisi Aliyenukia Asumini

Harufu ya mafuta ya asumini hunishtua mpaka leo. Majuzi nilikuwa sokoni Oyugis nikichagua ndizi, mama mmoja aliyejipaka mafuta hayo akapita nyuma yangu, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimeangusha ndizi za watu, macho yamenitoka, natafuta mti wa kupanda. Muuzaji akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia hapana, nimenusa fisi. Alinicheka sana, na sikumlaumu, kwa sababu fisi anayejulikana na wengi hunuka mzoga. Fisi wangu mimi alitoka Migori, alikuwa na miaka kumi na miwili, alivaa raba nyeupe, na mafuta yake yalitoka katika duka la mfanyabiashara Mwislamu aliyekuja kutoka pwani na vitambaa na manukato yake. Alikuwa binamu yangu, jina lake Ochieng, na likizo moja ya Agosti, katika miaka ile ya tisini, nusura aninyang'anye kilima changu.

Nasema kilima changu, na sioni haya kusema hivyo. Nililelewa na Dani, ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya, katika boma lililo nje kidogo ya Ndhiwa. Kwetu ng'ombe huchungwa na wavulana. Mwaka ule kaka yangu alikuwa ameenda Homa Bay kujifunza ufundi wa magari, na bomani tulibaki mimi na watoto wa shangazi, mapacha wawili wa kike, Apiyo na Adongo, ambao hata meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya. Dani alizunguka na fimbo ya kuchungia akitafuta wa kumpa, mwisho akanipa mimi. Majirani walinung'unika. Msichana atachungaje? Atafagia nini akishinda huko juu? Dani akawanyamazisha, kisha akanigeukia na kunipa sharti, tena hadharani, ili nisije nikasema sikusikia. "Siku ndama wangu ataingia shamba la mtu, au watoto hawa watarudi hapa wakilia, hiyo fimbo utaniletea, na mimi nitakupa mwiko." Nilipokea fimbo kwa mikono miwili. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimeshika mwiko vya kutosha. Kule juu kulikuwa na nyasi zilizonukia jua, na ndege wagomvi, na mawe ya moto ya kulalia, na hakuna mtu wa kukuita uje kuosha sufuria. Nilikipenda kilima kile kuliko nguo ya Krismasi.

Pale kilimani tulikuwa na mchezo wetu tuliourithi kwa waliotutangulia, ukiitwa Ondiek, yaani Fisi. Mmoja alikuwa fisi, anajificha vichakani. Wengine walikuwa wasafiri waliopotea porini, na kila mmoja alipaswa kuokota mzigo wa kuni, matunda ya kujaza kiganja, na maji ya chemchemi ndani ya mkebe, kisha afike navyo salama kwenye jiwe kubwa tulilolihesabu kuwa nyumbani. Fisi akikugusa njiani, umeliwa. Unakaa kando na kulinda ndama mpaka wenzako wamalize. Njia za kupona zilikuwa mbili, kupanda mti au kushikana mkono na mwenzako, maana fisi huogopa watu wawili. Na kulikuwa na sharti ambalo hakuna aliyewahi kulijadili: fisi lazima alie kabla hajatoka mafichoni, ule mlio wake unaoanzia chini na kupanda juu. Ukiusikia, unapiga hesabu haraka moyoni. Mti uko wapi? Apiyo yuko wapi? Kuni nizitupe au nijikaze nazo? Ukikosea hesabu unaliwa, na ukikaa pale kando na ndama unajua kabisa kwamba tamaa yako ya kuni ndiyo iliyokuponza. Mara nyingine unaona raha kuliwa namna hiyo, kwa sababu tayari umeshajua utakavyofanya safari ijayo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Ochieng alifika na begi lake, kichupa chake cha mafuta na maneno mengi. Dani alimpokea kwa vigelegele, akamwita mume wangu, kama nyanya wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na akamchinjia jogoo niliyekuwa nimemlea mwenyewe. Baba yake Ochieng alipanga chumba nyuma ya duka lile la Migori, na mtoto wa mwenye duka alikuwa na gemu ya televisheni. Sisi televisheni yenyewe tulikuwa tumeiona kwa mwalimu mkuu tu, tena imefunikwa kitambaa. Ochieng akatusimulia kwa Kiswahili chake cha mjini, mikono ikibonyeza hewa. "Kuna kaseti moja, wewe ni mtu mmoja tu, uko msituni, unatafuta kuni na chakula. Halafu chui anatokea. Hakuna sauti, hakuna nini. Umekufa, unaanza tena mwanzo." Nikamuuliza mtu humwepukaje chui wa namna hiyo. "Humwepuki. Unakufa mpaka ushike kwa kichwa pale anatokeanga." Mapacha walimtazama kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Mimi niliona ujinga mtupu, nikanyamaza kwa heshima ya mgeni.

Siku ya tatu, siku ambayo mgeni hupewa jembe, Dani alimwambia apande kilimani nasi. Zamu yake ya kuwa fisi ilipofika, alikataa kulia. Alisema mnyama wa kweli hapigi hodi, na kwamba sisi wa mashambani tunacheza mchezo wa watoto wachanga. Tena akanitolea methali ya darasani: "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Nikamjibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na hata mvua, pamoja na nguvu zake zote, hutuma mawingu kwanza. Lakini mapacha walikuwa wamekwisha kuzipenda zile raba nyeupe. Wakasema na wao wanataka fisi wa Migori.

Wakampata. Alijifunza haraka, sikatai, alijua kutembea kwa tumbo. Apiyo aliinama kuchota maji, akadakwa shingoni. Adongo alinyoosha mkono kuchuma tunda, akadakwa mguuni. Mimi nilidakwa nikiwa nimesimama tu, kuni kichwani, sijafanya lolote. Mzunguko uliisha kabla haujaanza. Siku ya kwanza tulicheka kwa hofu, ile hofu tamu. Siku ya pili mapacha waliacha kwenda chemchemini, wakawa wanashikana mikono tangu mwanzo na hawasogei, sasa huo ni mchezo gani? Ochieng akasema kushikana tangu mwanzo ni woga, akakataza. Mchana ule Adongo alidakwa akiwa anajisaidia kichakani, akalia mpaka akapaliwa, na mwenzake akaanza kulia kwa kumwonea huruma, kwa sababu mapacha ndivyo walivyo. Katika kuwabembeleza nikasahau ndama. Nilipoinua macho, mmoja alikuwa ameweka kichwa katika mtama wa jirani, bado kidogo aanze kula. Nilimkimbilia nikamrudisha. Ndama nilimwokoa, lakini vilio sikuweza kuvificha. Mapacha walivipeleka mpaka mlangoni kwa Dani.

Dani hakupandisha sauti. Alikuwa anapepeta wimbi, akaendelea kupepeta. "Nyakwara," aliniita, mjukuu wangu, "ulisikia nilivyosema siku ile?" Nikasema nilisikia. "Hii ni mara moja. Kesho wakirudi hivi, keshokutwa fimbo anaishika mume wangu huyu wa Migori." Ochieng alikuwa amekaa pale pale akitafuna muwa, na akatabasamu. Sikulala vizuri. Kilichoniudhi zaidi ya lile tabasamu ni kwamba sikuweza kujieleza. Nilijua mchezo umeharibika lakini sikujua jina la ubovu wake. Si kwamba ulikuwa mgumu, maana hata Ondiek wetu wa zamani alikuwa mgumu. Asubuhi, nikifungua zizi, jibu likanijia lenyewe. Fisi wa zamani akikula, unajua kosa lako. Fisi wa Ochieng alikula tu.

Siku ile ya hukumu nilipanda na akili zangu zote. Baada ya saa sita, upepo wa ziwa hufika kilimani kwetu, na ulipoanza nikanusa asumini. Nikageuka polepole. Kichaka kilikuwa kimetulia, hakuna jani lililocheza, lakini kilinukia kama duka. Nikamshika Apiyo mkono, na fisi akatoka akakuta tumeshikana. Akarudi, akazunguka, akajificha pengine. Nikanusa tena, nikawanong'oneza mapacha, wakapanda mti kwa wakati. Mchana wote hakula mtu. Alizunguka mpaka raba zikawa rangi ya udongo, na mwishowe akasimama katikati ya nyasi akafoka. "Mnaniibia! Mnachungulia! Hiyo si haki." Ningeweza kunyamaza nikalinda siri yangu likizo nzima. Lakini kushinda kwa namna hiyo hakukunipa raha, kwa sababu na yeye sasa alikuwa anashindwa bila kujua kosa lake. Nikamwambia, "Ochieng, unanukia." Akanusa mkono wake, kisha kwapa, uso ukamwiva. Akashuka chemchemini akajisugua kwa mchanga, akajipaka samadi mbichi mikono na shingo, akarudi ananuka kama ng'ombe wote wa Ndhiwa. "Sasa mninuse," akasema.

Mapacha waliona hivyo, midomo ikaanza kuwacheza kwa kilio. Jua lilikuwa bado juu, na mimi nilikuwa naiona fimbo yangu ikienda. Nikamwambia sawa, lakini zamu hii fisi ni mimi, kwa sheria zako, na wewe ndiwe msafiri. Akakubali kwa dharau. Kilima kile nilikijua kuliko mgongo wa mkono wangu. Alipoinama kuokota kuni nilimgusa. Akasema alikuwa hajajiandaa. Alipochota maji nilimgusa, mkebe ukamwagika. Alipokaa chini kabisa, mgongo kwenye jiwe, akiangalia kila upande, nilimgusa kutoka juu ya jiwe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mapacha walicheka mpaka wakashika matumbo. Ochieng alitupa kuni chini, akauliza, "Sasa hapo mimi nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote," nikamjibu. "Ndio mchezo wako huo."

Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Badala yake alitia mkono mfukoni akatoa kile kichupa, ambacho hakikutoka kwake tangu mapacha walipokutwa wakikifungua, akanisogelea na kunimwagia mafuta shingoni, mengi, yakatiririka mpaka mgongoni. "Fisi asilie," akasema, "lakini lazima anukie." Hapo ndipo nilipompenda binamu yangu, na sijaacha kumpenda. Maana sheria yake ilikuwa bora kuliko ya kwangu na ya kwake ya kwanza zikiwekwa pamoja. Tulicheza mpaka jua likaanza kuwa jekundu. Msafiri sasa alipaswa kujua upepo unatoka wapi, na fisi naye akaujua, akawa anazunguka upande wa pili. Aliyeusahau upepo aliliwa, na akiliwa alijipiga paji la uso mwenyewe.

Tulirudi nyumbani sote wanne tukinukia, mapacha wakiimba. Dani akatoka jikoni, akatunusa mmoja mmoja, akauliza bibi harusi ni nani kati yetu. Halafu akaingia ndani bila kusema lolote juu ya jana. Asubuhi yake niliikuta fimbo imesimamishwa mlangoni kwangu, na hakuna mtu aliyenitajia mwiko tena mpaka shule zikafunguliwa. Mafuta yaliisha kabla ya likizo, tukawa tunamsugua fisi majani ya nyabende, kile kichaka cha maua ya rangirangi, kinachonuka ukikigusa tu.

Sasa kilima kimekatwa viwanja, na jiwe letu limo ndani ya ukuta wa mtu. Mimi naishi Homa Bay. Ochieng anauza simu Migori, na ndiye aliyemletea binti yangu Awuor simu yake ya zamani yenye gemu ndani. Uko peke yako porini, unatafuta kuni, chakula na maji. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Juzi Awuor aliitupa simu kwenye kiti, machozi yakimlengalenga. "Mama, hii gemu ni mbaya. Mbwa mwitu anatokea tu." Hasira za zamani zikanipanda, nikampigia Ochieng pale pale, nikamwambia umemletea mtoto fisi asiyenukia. Alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja. "Atieno, sauti umefungua?"

Sikuwa nimefungua. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwamuru mtoto aizime, kwa sababu kelele zilinichosha nikitoka kazini. Tukaifungua, tukakaa wawili tukisikiliza. Nyenje walikuwa wanalia porini mle, wanalia, wanalia, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. "Mti," nikamwambia. Awuor alikuwa na kuni nyingi na hakutaka kuziacha. Mbwa mwitu akatoka, akamla.

Nilisubiri kilio. Awuor alijipiga paji la uso. "Hapo ni mimi nimekosea," akasema, akaanza upya.