Ameenda Kutembea

Kilichonishtua kwanza ni ukimya. Niliweka diski ndani ya deki ya baba, nikakaa kwenye kochi na kikombe cha chai, nikangoja ile sauti yenye mkwaruzo iliyokuwa ikinifungulia kila sehemu ya katuni hii nilipokuwa mtoto: "Niaje watu wangu! Leo tuko ndani kabisa ya msitu wa Mau, na huyu msupa hajui kuna noma inamngoja!" Haikuja. Msitu ukatokea, upepo ukavuma kwenye majani, msichana mwenye nywele nyeupe akapita na upanga mgongoni, na hakuna mtu aliyesema chochote. Nilidhani deki imeharibika. Nikaipiga kofi.

Deki haikuwa na kosa. Hii ndiyo iliyokuwa katuni yenyewe, ile rasmi, sanduku zima la DVD lenye picha za kupendeza na kijitabu ndani, ambalo mwenzangu wa kazini aliniletea kutoka ng'ambo baada ya kuchoshwa na hadithi zangu kuihusu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba naijua kwa moyo, kumbe sikuwa nimewahi kuiona. Niliyoiona mimi ilikuwa ya DJ.

Kama hukulelewa Nakuru, acha nikueleze. DJ alikuwa na duka la movie karibu na stage ya matatu. Alichukua katuni ya Wajapani, akapunguza sauti yao mpaka ikabaki mnong'ono, kisha akaongea juu yake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho: yeye ndiye joka, yeye mfalme, yeye msichana, yeye mama yake msichana. Kijapani hakukijua hata neno moja. Kwake joka lililala ndani ya shimo la volkano la Menengai, na wahusika walipokaa kula, hata kama ni wali kwenye bakuli, walikuwa Kikopey wakingoja mbuzi aive. Mfalme akikasirika alitishia kuwapeleka watu Elburgon wakapasue mbao. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba katuni hii imetengenezewa huku kwetu, na nilikuwa tayari kupigana na yeyote aliyebisha.

Baba alikuwa dereva wa lori la mbao kati ya Elburgon na Nakuru. Ndiye aliyeniletea DVD hizo, moja moja, zimefungwa kwa gazeti, mwaka ule mama alioondoka.

Nilikuwa darasa la nne. Hapakuwa na kelele wala vita. Nilitoka shule nikakuta sufuria zimeoshwa na nguo za mama hazipo, si kwenye kamba, si kabatini. Nilipomuuliza baba, alisema, "Mathe yako ameenda kutembea." Huku kwetu neno hilo halina utata. Mtu aliyeenda kutembea ameenda kusalimia watu. Atapewa chai, atafungiwa mboga na ndizi za kubeba, na atarudi. Basi nikangoja. Geti letu hapa Kiamunyi lilikuwa na kufuli la funguo mbili, na mama aliondoka na mmoja. Kufuli hilo lipo mpaka leo. Limeshika kutu, halifunguki bila kutiwa mafuta ya kupikia, na kila niliposema tulibadilishe baba alijibu kwamba bado ni zima. Baba si bahili. Alitaka ufunguo wa mama ukija uingie, nami nilijua, na hatukuwahi kulizungumza.

Ndiyo maana kwangu haikuwa katuni tu. Msichana wa upanga naye aliachwa na mama yake, malkia. Katika DVD ya pili malkia anavaa joho, anashuka ngazi, na DJ anasema kwa ile sauti ya kike aliyoibania puani: "Usilie baby, mathe ameenda tu kutembea." Maneno yale yale! Nilimshika baba mkono kwa nguvu. Na kwenye DVD ya mwisho, joka likishakufa, mlango unafunguka, malkia anaingia na kikapu, msichana anakimbia na kumrukia, na DJ anapiga kelele mpaka spika inakoroma: "Mathe amerudi! Si niliwashow? Si niliwashow?" Tuliirudia sehemu hiyo mpaka diski ikachakaa. Sikuwa na sababu ya kutoamini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Sasa hebu nifikirie mimi Jumapili hiyo ya sanduku, alasiri, mtu mzima na kazi yangu, nimekaa mbele ya televisheni ya baba. Msichana anatoka msituni. Anaingia nyumbani, anaangika upanga ukutani. Mlango unafunguka. Mama yake anaingia na kikapu. Msichana anakimbia na kumrukia.

Nilisimama. Chai ikanimwagikia mapajani na sikuisikia.

"Baba!" nikaita. "Baba, kuja uone! Huu si ndio mwisho? Wameweka mwisho mwanzoni!"

Baba alikuwa nje. Alipoliona lile sanduku nilipofika, alikuwa amesema tu, "Hiyo si tulimaliza?" kisha akatoka kuwapa kuku mahindi, na nikadhani ni uzee. Sasa alikuja akasimama mlangoni, akaitazama ile picha ya mama na binti wamekumbatiana, akavua kofia. Kofia ile ndiyo iliyonitia hofu.

Mimi sina subira, na siku hiyo hata ile kidogo niliyo nayo iliniishia. Nikaichomoa diski ya kwanza, nikatia ya mwisho. Joka likafa, hapo DJ hakudanganya. Kisha msichana akamkuta mama yake kwenye njia ya mlimani. Hakuwa malkia hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye joho lililochanika. Akamshika binti yake shavu, akasema maneno machache ya Kijapani, na chini ya picha yakatokea kwa Kiingereza. Alimwambia asimngoje tena. Akaenda zake. Msichana akarudi nyumbani peke yake, akaingia, akaufunga mlango kwa ndani. Muziki ukaanza, majina yakaanza kupanda.

Nilitaka kucheka, kwani ni katuni, jamani, lakini nilibaki nikiyatazama majina yakipanda. Mwisho wangu haukuwepo. Ulikuwa mwanzo uliokatwa na kubandikwa kwingine. Na hapo ndipo lile neno liliponirudia. DJ alikuwa mtu wa town, mtu wa maneno ya mtaani, noma na msupa. Kwenye DVD zake zote hakuwahi kutumia "kutembea" mahali pengine. Hilo lilikuwa neno la nyumba hii.

"Ni wewe ulimwambia," nikamwambia baba.

Akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. "Ni mimi."

"Ulimwambia aseme nini?"

"Nilikuwa nimetoka Elburgon na mzigo, nikapitia kwake kuchukua hiyo ya mwisho. Akanionyesha kabla hajaweka sauti. Nikaona vile inaisha. Nikamwambia, boss, hii siwezi peleka kwa nyumba. Haiwezi isha vingine? Akaniambia, mzee, mimi hata sijui hawa watu husema nini, mimi huangalia tu mdomo. Wewe niambie unataka waseme nini." Akaigeuzageuza kofia mkononi. "Nikamwambia. Akachukua kile kipande cha mwanzo cha mama akiingia nyumbani, alichokuwa amekiruka, akakibandika mwisho. Ile ya kutembea nilikuwa nimeshamwambia mapema."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba nimekaa na namba moja ya simu tangu nianze kushika simu, hata mtandao ukinisumbua, kwa sababu shangazi alikuwa nayo na huenda mtu angemwomba. Nilimwambia kwamba kila mara geti likilia moyo wangu huruka, mpaka leo, mwanamke mzima.

"Na wewe ulikuwa unajua harudi," nikamaliza.

Aliiweka kofia gotini.

"Nilikuwa najua," akasema. "Lakini tukiiangalia hapa na wewe, na huyo kijana akipiga hizo kelele zake, nilikuwa nasahau ni mimi nilimwambia."

Hasira ikaniacha pale pale, ikaniacha bila cha kushika. Sikuwahi kufikiri kwamba kwenye kochi lile tulikuwa watoto wawili.

"Hebu rudisha hapo kwa mlima," akasema. "Siku hiyo haikuwa na maandishi, na sasa macho yangu hayafiki. Huyo mama anasema nini?"

Nikarudisha, nikaisimamisha picha. Mwanamke yule alibaki na mdomo wazi, mkono kwenye shavu la binti yake. Sasa DJ nilikuwa mimi. Ningeweza kumpa neno lolote, na neno lenyewe lilikuwa tayari kinywani mwangu, lile la nyumba hii. Baba alikuwa ameinama mbele, akingoja.

"Anamwambia asimngoje tena," nikasema.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, baba."

Aliitazama televisheni kidogo, akavaa kofia yake, akainuka kurudi kwa kuku. Alipofika mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Kesho ukipita town," akasema, "niletee kufuli mpya. Iwe na funguo mbili. Moja ukae nayo wewe."