Nilimshauri Vibaya kwa Kuwa Alinizidi Kuandika

Naomba asitokee wa kunitetea. Nilichomfanyia Kabula nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, kalamu nyekundu mkononi. Kabula si jina lake, ila akisoma hapa atajijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, naishi Ilemela, na naandika skripti za filamu. Filamu fupi mbili zimetengenezwa kutokana na kazi zangu. Si nyingi, lakini hapa Mwanza zilitosha watu waanze kuniita mwalimu. Tulikuwa na kikundi cha waandishi sita, tunakutana kila Jumamosi ghorofani, juu ya stesheneri moja pale Nyamagana, tunasomeana tulichoandika.

Mimi ndiye nilikuwa nawaelekeza wenzangu. Nilikuwa nawaambia, ingia kwenye tukio likiwa limeshaanza na utoke kabla halijapoa. Mhusika asiseme kwa mdomo kitu ambacho mtazamaji ameshakiona kwa macho. Soma mazungumzo yako kwa sauti, maana ulimi wako ukikwama, na wa mwigizaji utakwama. Hayo yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Mmoja wa wale sita, Kabula, alikuwa fundi cherehani wa Kisesa, binti wa miaka ishirini na sita, elimu yake kidato cha nne. Aliandika kwa mkono kwenye kauntabuku, mteja mmoja akiondoka na mwingine hajafika. Aliniita dada, na shikamoo haikumpita hata siku moja.

Miezi ya mwanzo nilimpenda kweli. Kazi zake zilikuwa mbovu, na mtu mwenye kazi mbovu ni rahisi kumpenda.

Kisha tukasikia kuna mwongozaji wa filamu anakuja kutoka Dar. Angekaa nasi siku tatu, asome skripti zetu zote, achague moja aipige picha huku huku kwetu. Wote tukajifungia kuandika. Mimi nilikuwa nimeshajipa ushindi moyoni.

Wiki mbili kabla hajafika, Kabula alinifuata nyumbani na kauntabuku lake limefungwa kwenye kipande cha kitenge.

"Dada, nataka wewe uwe wa kwanza kusoma," akasema. "Ukiona haifai, niambie tu, nitaacha."

Nilianza kusoma maharage yakiwa jikoni. Yaliungua, harufu naisikia, na sikunyanyuka.

Ilikuwa hadithi ya binti aliyekimbia kipigo cha mumewe akarudi kwa baba yake, mfugaji. Usiku kucha hakuna anayemuuliza kitu. Asubuhi baba anaamka, anafungua zizi, anaanza kuwatoa ng'ombe wa mahari, mmoja baada ya mwingine. Hasemi neno. Binti amesimama mlangoni na kanga yake, anatazama, mpaka anaelewa kwamba ng'ombe wanarudishwa walikotoka, na yeye harudi tena kule.

Basi, ni hivyo tu. Tukio hilo la zizi lilikuwa kurasa mbili, hakuna mtu anayeongea.

Nikafunga daftari. Nilitamani niwe nimeliandika mimi. Halafu nikatamani lisiwe limeandikwa kabisa. Miaka yote ile, semina zote zile, na huyu fundi wa kupindia sketi za shule amekipata kitu ambacho mimi nimekitafuta sijawahi kukigusa. Ulikuwa wivu, na nilijua ni wivu.

Kesho yake nikamwita. Nikamwekea chai. Nikaongea kwa upole, na upole ule ndio unaonitia aibu kuliko yote.

"Mdogo wangu, umejitahidi," nikamwambia. "Ila hapa kwenye ng'ombe pamepwaya. Watu wetu hawaelewi ukimya. Mpe baba maneno. Aseme kwamba kumpiga mwanamke ni vibaya, aeleze kwa nini anarudisha mahari."

"Si wataona tu anavyowatoa?"

"Wataona, lakini hawatajua."

Akanitazama. Nikaona ana shaka, na nikaona anaizima shaka ile kwa sababu yangu.

"Wewe ndiye unayejua, dada," akasema.

Nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mistari kurasa zile mbili. Yeye akazichana palepale, akazikunja, akazitupa kwenye ndoo yangu ya taka. Nilimuaga akiwa ananishukuru.

Mwongozaji alikuja. Siku ya pili tukasoma kazi zetu kwa sauti, waigizaji wawili wakitusaidia. Ilipofika zamu ya Kabula, yule baba alisimama zizini akahutubia kurasa nne nzima. Kuna mtu akacheka. Wengine wakafuata.

"Huyu mzee anaongea kama yuko kwenye mkutano wa kijiji," mwongozaji akasema. Hakusema kwa ubaya. "Kabla ya hapa skripti ilikuwa inapumua. Hapa amekuja mtu mwingine. Nani alikushauri hivi?"

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Nikaangalia vidole vyangu.

"Hakuna aliyenishauri," Kabula akajibu. "Nimeandika mwenyewe."

Alinifichia aibu mbele ya watu wote, na mimi nikamwacha anifichie.

Skripti iliyochaguliwa ilikuwa ya mwenzetu mwingine. Yangu ilirudi na neno moja la mwongozaji, kwamba ni safi lakini haina damu. Nililia sana siku ile. Nilijililia mwenyewe, si Kabula, msije mkanionea huruma isiyo yangu.

Jumamosi iliyofuata Kabula hakuja. Wala ile nyingine. Nikasikia amemwambia mwenzetu mmoja kwamba kuandika si fani yake, bora ashone tu. Kila nilipofungua kazi yangu nilikuwa naona zizi lile. Wiki saba baada ya mwongozaji kuondoka nikavaa, nikaenda Kisesa.

Nilimkuta barazani anatia lasitiki kwenye sketi. Alinipa kigoda. Nikamwambia yote bila kupunguza, kwamba kazi yake ilikuwa nzuri kupita yangu, na kwamba nilimharibia kwa makusudi.

Alisimamisha cherehani. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ulipoisoma mara ya kwanza, ulijisikiaje?"

"Nilitetemeka," nikamjibu. "Nilipofika ng'ombe wa mwisho, nilitetemeka."

"Ndicho nilichokuwa nimekuja kuuliza kwako siku ile," akasema. "Hicho tu."

Akaniambia amejaribu mara kadhaa kuzirudia zile kurasa mbili, zimegoma. Hakumbuki alianzaje. Mimi nilikuwa nakumbuka. Wivu ulikuwa umenikaririsha neno kwa neno, kuanzia baba anavyovuta mti wa mlango wa zizi mpaka binti anavyojifunga kanga upya. Nikamtajia taratibu, yeye akaandika kwenye kauntabuku jipya. Mara mbili aliinua mkono ninyamaze kidogo, akafuta, akaweka neno bora zaidi kuliko la kwanza.

Alipomaliza akanishukuru kwa kufika. Shikamoo bado ananipa. Lakini kazi zake hanipi tena. Anawasomea watu wawili wa Magu, na nasikia kuna anayetaka kuitengeneza ile ya zizi. Kikundi nacho kimevunjika, sina uso wa kuwaita, na ninachoandika sasa sina wa kumsomea.

Wewe unayeandika, usimpe kazi yako msomaji mmoja tu, hata kama unamwita mwalimu. Ushauri ukikukera, kaa nao siku tatu kabla ya kufuta. Na kurasa za kwanza usizichane, zitunze hata chini ya godoro.

Na wewe unayepewa kusoma, ukiona roho inakuuma kwa uzuri wa kazi ya mwenzio, weka kalamu chini. Mwambie imekugusa wapi, basi, umrudishie. Kama umeshamdanganya, nenda leo. Mimi nilichelewa wiki saba, na katika wiki hizo saba yule binti aliamini hana kipaji. Kurasa niliweza kumrudishia. Hizo wiki siwezi.