Siku Nilimupaka Mama Mukwe Rangi

Hii habari sitaki kuisema, haya inanishika kila mara, lakini juu kila mutu wa mutaa yetu ya Lumumba anaisema vile anapenda, afazali muisikie mu kinywa yangu mwenyewe, na muniachie niseme na hasira, sababu ingali haijapoa.

Miye ni mupaka rangi. Niko na kompreseri na pistole, ile yenye kutema rangi na upepo, na milango mingi ya chuma yenye munaona hapa kartie ni mikono yangu. Ugonjwa yangu ni moja: kitu ikisumbua kidogo tu, nimekwisha kuifungua. Redio, pasi, saa ya ukuta, yote ilipitia kwangu na hakuna yenye ilirudi muzima. Muke wangu Furaha alivumilia, alivumilia, mpaka siku nilifungua mashini yake ya kushona (ilikuwa inapiga kelele kidogo, naapa ni kidogo tu), nikaifunga, visi tatu, ile misumari ya kuzungusha, zikabakia inje mu mukono yangu. Haikushona tena. Na ile mashini njo kazi yake, munaelewa. Akafunga vikwembe vyake akarudia kwa baba yake.

Myezi mbili nikilala peke yangu. Kisha baba mukwe, muzee wa Mahagi mwenye hasemi mara mbili, akanitumia neno: nikuje siku ya posho, njo jumamosi, nipake mulango mukubwa wa parsele, kiwanja ya nyumba yake, rangi ya bulu, nikimaliza tutakaa tuzungumuze, na kazi ikiwa muzuri nitarudi na Furaha. Nilifurahi mpaka nikafagia nyumba yote.

Sasa, siku moja mbele ya ile posho, pistole ikaanza kutona rangi ku mudomo hata haujaifinya. Kuko muzee mumoja hapa soko mwenye anatengeneza ile vitu tu, angeizamisha mu dilyan, ile dawa ya kuyeyusha rangi, angesugua mudomo, bas, imekwisha. Lakini miye? Niende kwa mutu juu ya kitu kadogo vile? Nikatandika gunia, nikafungua yote: sindano, resori yenye kuirudisha, na kapete keupe kenye kunafunga njia ya rangi pale sindano inapita. Kale kapete nikakaangalia, nikasema kamechoka. Kalikuwa kazima! Ni uchafu tu ilikuwa imekauka ku mudomo, lakini kichwa yangu ilikuwa imekwisha kukata maneno. Nikakata kapete kengine mu mupira wa ndani wa kinga, baisikeli yangu, nikakaweka, kale keupe nikakatia mu mufuko, nikafunga yote, nikajaribu na maji. Ukifinya inatema, ukiachilia inanyamaza. Nikajisifu. (Na maji! Mupaka rangi wa miaka yote hii, mwenye anajua vile dilyan inafanya mupira, anajaribu na maji. Nikikumbuka pale, nataka kujipiga kofi.)

Posho asubui nikaanza. Upande wa kwanza ulitoka muzuri, baba mukwe ameketi ku kiti anatikisa kichwa, Furaha anachungulia ku dirisha, na miye najiona nimekwisha kurudi naye. Kumbe mule ndani mupira ulikuwa unakunywa dilyan, unavimba polepole, unakamata sindano isirudi kufunga njia.

Njo mama mukwe akatoka. Alikuwa anaenda ku misa ya ndoa, amevaa libaya mupya, blauzi ya sherehe, na kikwembe yake ya kujifunga, kitambaa ku kichwa, kila kitu inangaa. Kwetu, mukwe hasimame uso kwa uso na mama wa muke wake, hamuguse, hamupe mukono. Unageuka upande, unainama, unamusalimia ukiangalia chini. Nikafanya vile nilifundishwa. Nikaachilia kidole ku pistole, nikageuka, nikainama, na mukono ukageuka na miye. Ile kitu haikunyamaza. Nilikuwa naangalia chini na heshima yote, na nilikuwa namupaka mama mukwe bulu kutoka ku libaya mpaka ku viatu.

Nikaruka nyuma, ikafikia viatu vya baba mukwe. Nikaigeuzia ukuta, nikaanza kuipiga ku goti, nikaitukana mu luga zote zenye najua. Majirani walikuwa wamekwisha kusimama ku barabara na telefone juu, wanacheka, na hasira ilinipanda mpaka sikufikiri hata kuzima kompreseri. Na sikuweza kumukaribia mama nimupanguse, mukwe anaanzia wapi? Alisimama tu, macho yamefungwa, akauliza na sauti ya pole:

"Mukwe, umemaliza, ao kungali?"

Njo Furaha akatoka. Hakukimbia. Akapita karibu yangu, akachomoa mupira wa upepo ku kompreseri, na pistole ikakata. Akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa.

"Safari hii ulibakiza nini?"

Nikatia mukono mu mufuko, nikatoa kale kapete keupe, nikamuonyesha. Bora angenitukana. Alikakamata, akakageuza-geuza, kisha akanyoosha mukono ule mwingine, akangojea, mpaka nikaelewa nikamupatia na turnevis zangu zote, zile za kufungulia visi. Baba mukwe alibeba kiti chake akaingia ndani. Ile mazungumuzo ikaishia pale.

Sikasirikie majirani tena. Hata ule mupira sikasirikie. Nakasirikia hii mikono, na nimeapa, kitu yoyote yenye inafungwa na visi, miye sitaifungua tena mpaka nizikwe. Juzi nimebeba mashini ya kushona kwa ule muzee wa soko, alipoanza kuifungua nikageuka nikaangalia upande mwingine. Imepona. Iko mu nyumba, nimeifunika na kitambaa.

Lakini turnevis zangu zingali kule kwa wakwe, nyuma ya ule mulango wa bulu upande moja. Na Furaha pia iko kule.