Siku Mguu Wangu Uliposoma Risala

Mama yangu ameshaitwa shuleni mara nyingi, na hakuna hata siku moja aliyoitwa kupongezwa. Ndiyo maana nilimwomba mwalimu wa Kiingereza anipe ile risala ya mahafali ambayo sisi wa kidato cha tatu tunaisoma mbele ya mgeni rasmi. Nilitaka mama ashuke kutoka kwetu Mkumbi anisikie nikisoma kitu bila kichekesho. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema, "Ukiukubali mguu, nakupa."

Mguu ndiyo dawa yake. Anasema mkazo wa Kiingereza tunauweka kama wa Kiswahili, karibu na mwisho wa kila neno, ndiyo maana tukisoma kwa sauti ni kama tunaita mahudhurio. Yeye ni mtu wa Lundo, amekulia kwenye mganda, ile ngoma ya kutembea kwa mistari kama askari. Basi anatupanga mistari, na kwenye silabi nzito mguu wa kulia unapiga chini. Neno "dormitory", mguu unapiga kwenye "dor", halafu unaruka zilizobaki kama umekanyaga siafu. Kabla ya hapo mimi nilikuwa nachezesha kiuno tu, watu wacheke. Kwa risala nilifanya kweli, nyuma ya choo cha wavulana, mahali ambapo hakuna anayekaa kusikiliza.

"Siku yenyewe," mwalimu akanionya, "mguu ubaki ndani ya kiatu. Bonyeza kidole gumba tu."

Jukwaa letu lilikuwa meza za darasani zilizounganishwa. Sentensi ya kwanza kidole kilitii. Ya pili nikamwona mama na kitenge chake kipya, mguu ukashuka wenyewe, meza zikaitikia kama ngoma. Nikajaribu kuuzuia, maneno yakagoma kutoka. Nikauachia. Nilipofika pale tunapoeleza kwamba wasichana wa mbali wanapanga vyumba mitaani, na tunaomba bweni, tayari ulikuwa mganda kamili. Kidato cha nne wakapiga makofi kuufuata. Mama, asiyejua Kiingereza, mganda aliujua. Akaja mbele akicheza na kigelegele juu, akanivisha kitenge chake shingoni, kama wanavyotunzwa wachezaji.

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Wasichana waliopanga mitaani walikuwa mstari wa pembeni, na hao hawakucheka.

Mgeni rasmi alisimama akausifu utamaduni wetu, akaahidi ngoma mpya kwa kikundi cha sanaa. Shule yetu haina kikundi cha sanaa. Bweni hakuligusa. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tukielekea stendi mama akaniuliza, "Yale uliyosoma yalikuwa yanasema nini, mwanangu?"

Mimi sijawahi kukosa jibu. Ningemwambia ukweli, angejua amecheza juu ya shida za watoto wa wenzake.

"Tulikuwa tunakaribisha wageni, mama."

"Nilijua," akasema. "Miguu yangu ilielewa."

Likizo hii mjomba alipokuja kututembelea, mama alinitoa jikoni, akanisimamisha sebuleni nimsomee ile risala. Nimeikariri yote. Nilipofika kwenye "dormitory" mguu ukapiga sakafu, na mama akaanza kupiga makofi.