Marehemu wa Kuazima

Lanyero amefagia ofisi ya shirika moja la misaada kule Bukoto miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza ana ndugu wangapi. Mwaka huu wakamuuliza ana maiti gani.

Amri ilitoka makao makuu, ng'ambo. Kila tawi lisimame na waliofiwa: ndugu wa weusi waliouawa huko kwa sababu ya rangi yao, na wote wenye majeraha ya zamani duniani. Kila mfanyakazi aandike kwenye kadi jina la mtu anayemlilia, alitamke, aitundike ukutani, apigwe picha. Hajati Zuleika, mkuu wa tawi, mwanamke mwema kweli, alisema hata wafagiaji wamo.

Jina Lanyero alikuwa nalo. Opoka, kaka yake, alichukuliwa na wenye bunduki wakati wa vita vya kaskazini mwa nchi, na mpaka leo haijulikani kama walikuwa waasi au jeshi. Hakurudi, hakuzikwa, matanga hayakuwekwa. Lakini Tarcisio, mumewe, ni askari, na wanaishi nyumba za askari Mbuya. Mke wa askari hatundiki swali kama hilo ukutani. Picha ikizagaa, mume ataitwa ajieleze, na nyumba si yao. Akiacha kadi tupu, basi amemkana Opoka mbele za watu. Mbele hakwendeki, nyuma hakurudiki.

Akamwambia Hajati kwamba yeye hana mtu. Hajati akamwonea huruma, akampa mmoja: akamwandikia jina la kijana mweusi aliyeuawa Marekani.

Zamu yake ilipofika, Lanyero alilitamka jina lile vizuri tu. Kisha likamshinda. Akalia kilio cha msibani cha kwao, magoti chini, kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi. Miaka zaidi ya ishirini ilitoka kwa mkupuo. Wenzake wakamshika mabega, wakaambiana kwamba kweli uchungu hauna mipaka, na picha yake ndiyo iliyowekwa mtandaoni.

Kesho yake jioni Tarcisio alirudi na picha hiyo kwenye simu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na woga.

"Mama Akidi, huyu mutu wewe nalilia, wewe najua yeye?"

Lanyero aliacha kupakua chakula. Alimtazama mumewe, akatamani amtaje Opoka.

"Hapana, Baba Akidi. Mimi hapana jua yeye."

Tarcisio akashusha pumzi. Akasema afadhali, maana mkubwa wake kazini alikuwa ameshauliza mkewe anamlilia nani.